Ofa imekubaliwa tangu lini? Mkataba mmoja, nyakati mbili

Ukimuuliza mtu mkataba unaanza lini, mara nyingi atakujibu: "Tukishasaini." Jibu hilo linatosha pale ambapo wote wawili wameketi meza moja na kalamu inapita mkono kwa mkono. Biashara nyingi haziendi hivyo. Mmoja yuko Mafinga, mwenzake yuko Dar es Salaam. Ofa imekuja kwa barua, jibu limerudi kwa EMS, na katikati hapo simu zimepigwa mara tatu. Bei ikipanda kabla barua haijafika, saa na tarehe ndizo zitakazoamua nani anadaiwa fidia.

Kwa Tanzania Bara jibu liko kwenye Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 4. Sheria hiyo ilitungwa mwaka 1961 na kuchukua nafasi ya Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, iliyokuwa ikitumika Tanganyika. Maneno ya kifungu hicho yalibaki karibu yale yale ya India, na ndiyo sababu mawakili wetu hufungua hukumu za India kwenye jambo hili, ingawa haziwabani majaji wetu.

Kifungu chenyewe ni kifupi lakini kina jambo ambalo wengi hulipita bila kuliona: hakitoi wakati mmoja wa ukubali kukamilika. Kinatoa wakati wa aina mbili. Kwa upande wa mtoa ofa, ukubali umekamilika pale unapowekwa njiani kumwendea, kiasi kwamba aliyeutuma hana tena uwezo wa kuurudisha. Kwa upande wa aliyekubali, umekamilika pale mtoa ofa anapoufahamu. Kwa hiyo mtoa ofa anabanwa kwanza, aliyekubali anabanwa baadaye, na kati ya nyakati hizo mbili kuna pengo.

Tuliangalie pengo hilo kwa tarehe. Mwenye mbao Mafinga anamwandikia mtengeneza samani wa Dar: mbao 600 za mbili kwa nne, futi 12, kwa bei fulani, jibu kwa barua. Barua inasomwa Dar tarehe 5. Tarehe 6, saa 4 asubuhi, mtengeneza samani anakabidhi jibu la "nakubali" kwenye kaunta ya posta na kupewa stakabadhi. Siku hiyo hiyo saa 9 alasiri mwenye mbao anapata mteja wa bei nzuri zaidi, anapiga simu Dar na kusema ofa ameiondoa. Amechelewa. Kifungu cha 5 kinamruhusu kuiondoa ofa wakati wowote kabla ukubali haujakamilika dhidi yake, na ulikamilika dhidi yake saa 4 asubuhi, akiwa hata hana habari. Akimuuzia mteja mpya mzigo huo, amevunja mkataba.

Sasa geuza upande. Barua inafika Mafinga na kusomwa tarehe 9. Tarehe 8 mtengeneza samani anaona oda aliyoitegemea imeyeyuka. Anapiga simu Mafinga na kusema, "Kuna barua ya ukubali inakuja, naiondoa." Huyu hajachelewa. Kifungu hicho hicho cha 5 kinamruhusu kuuondoa ukubali wake hadi pale mtoa ofa atakapoufahamu. Kuanzia tarehe 6 asubuhi hadi tarehe 9, mmoja alikuwa ndani ya mkataba na mwenzake bado ana mlango wa kutokea.

Wako wanaoona huo ni uonevu. Nionavyo mimi, una mantiki yake. Mtoa ofa ndiye aliyechagua njia. Angeweza kuandika kwamba hatabanwa mpaka barua imfike mkononi. Asipoandika, sheria inamtwisha hatari ya safari ya barua. Tena aliyekubali akibadili mawazo kabla mtoa ofa hajajua kitu, mtoa ofa hajapoteza chochote alichokitegemea. Lakini hesabu hii inamfaa yule anayeijua tu, na aghalabu anayeumia ni mtoa ofa aliyeamini kwamba bila barua mkononi hakuna kitu.

Waingereza walifika mapema kwenye kanuni ya posta, yaani kwamba ukubali huhesabika tangu barua inapopostiwa. Katika Adams v Lindsell (1818), wauza sufu waliandika ofa tarehe 2 Septemba 1817 wakakosea anwani, ikachelewa na kufika tarehe 5 jioni. Wanunuzi walijibu jioni hiyo hiyo. Wauzaji walitarajia jibu tarehe 7, hawakuliona, wakamuuzia mtu mwingine tarehe 8. Jibu liliingia tarehe 9. Mahakama ilisema mkataba ulikuwepo. Katika Henthorn v Fraser (1892) mambo yalikwenda kwa saa. Ofa ya kuuza nyumba kwa pauni 750 ilitolewa mkononi huko Liverpool, iwe wazi siku 14. Kesho yake, kati ya saa 6 na saa 7 mchana, muuzaji aliposti barua ya kuiondoa. Saa 9:50 alasiri mnunuzi, aliyekuwa akiishi Birkenhead, aliposti ukubali. Barua ya kuiondoa ofa ilimfikia baada ya saa 11 jioni. Mnunuzi alishinda. Ukubali ulihesabiwa tangu ulipopostiwa, ila kuiondoa ofa hakukuhesabiwa mpaka kulipomfikia mlengwa.

Tofauti hiyo ipo kwetu pia, kwenye kijifungu cha tatu cha kifungu cha 4: taarifa ya kuondoa humbana anayepelekewa pale anapoifahamu. Kwa hiyo ukitaka kuondoa ofa, usiandike barua. Piga simu, hakikisha anayesikia ni mwenyewe au mtu mwenye mamlaka ya kumsemea, kisha fuatisha maandishi. Ujumbe uliotumwa kwenye simu iliyozimwa haujafahamika na mtu.

Na barua ikipotea njiani? Household Fire Insurance v Grant (1879) ni kesi ya mtu aliyeomba hisa 100, na barua ya kampuni ya kukubali kumgawia haikumfikia kamwe. Alihesabiwa mwanahisa. Chini ya kifungu chetu matokeo yanakwenda mbali zaidi: mtoa ofa amebanwa na barua asiyoijua, huku aliyekubali, kwa kuwa ukubali wake haujafahamika, anaweza bado kuuondoa. Sijui hali mbaya zaidi ya hiyo kwa mfanyabiashara mwenye ghala na mzigo mmoja.

Maneno "umewekwa njiani kumwendea" yana sehemu tatu, na kila moja huangusha watu.

Kwanza, njiani. Barua iliyosainiwa ikiwa kwenye meza ya katibu muhtasi haijawekwa njiani. Ikiwa kwa tarishi au dereva wako mwenyewe, pia bado, maana ukimpigia simu atageuza gari. Posta na kampuni ya vifurushi ni sawa, kuanzia pale wanapoipokea na kukupa risiti. Bahasha inayopelekwa kwa basi ndiyo ya kubishaniwa. Ikiwa imeandikishwa ofisi ya vifurushi na basi limeondoka, naona imetoka mikononi mwako. Ikiwa umemwachia kondakta ambaye bado anaita abiria stendi na unaweza kumfuata ukaichukua, haijatoka. Kama jambo ni kubwa, usilijengee hoja juu ya kondakta.

Pili, kumwendea yeye. Adams v Lindsell ilikuwa na anwani iliyokosewa, lakini aliyekosea ni mtoa ofa. Ukikosea wewe unayekubali, barua haijawekwa njiani kumwendea yeye. Kosa la kawaida ni sanduku la posta. S.L.P. 120 iko Iringa, iko Tanga na iko Mwanza, hivyo namba bila mji si anwani. Nakili anwani kutoka kwenye ofa yenyewe, neno kwa neno, usiitoe kwenye kitabu cha zamani cha wateja.

Tatu, njia ya kawaida na inayofaa. Kifungu cha 7 kinataka ukubali uwe kamili, usio na masharti, na utolewe kwa namna ya kawaida na inayofaa, isipokuwa kama ofa imetaja namna yake. Ofa iliyokuja kwa WhatsApp ikisema "nijibu leo" haijibiwi kwa barua ya posta. Ofa ikitaja namna na wewe ukajibu kwa namna nyingine, mtoa ofa anaweza kusisitiza, ndani ya muda unaofaa tangu alipopata taarifa, kwamba ijibiwe kama alivyotaka. Akinyamaza, amekubali jibu lako lilivyo. Kwa hiyo ukiwa mtoa ofa na umepata jibu kwa njia usiyoitaka, andika siku hiyo hiyo.

Hapo juu nimezungumzia vitu vinavyosafiri taratibu. Simu ni jambo jingine. Uingereza ililimaliza kwenye Entores v Miles Far East (1955): ukubali ulitumwa kwa teleksi (mashine ya kupelekeana maandishi kwa waya) kutoka Amsterdam ukapokelewa London, na mahakama ikasema kwa mawasiliano ya papo kwa papo mkataba unazaliwa pale ukubali unapopokelewa, kama vile watu wanaozungumza uso kwa uso. Laini ikikatika kabla sentensi haijasikika, anayekubali ndiye anayejua kuwa imekatika, basi arudie.

Je, hilo linaingia kwenye maneno ya kifungu cha 4? Swali hilo lilifika Mahakama ya Juu ya India mwaka 1966, katika Bhagwandas Goverdhandas Kedia v Girdharilal Parshottamdas. Ofa ya kununua mashudu ya mbegu za pamba ilitolewa kwa simu kutoka Ahmedabad, na ukubali ukasemwa Khamgaon. Majaji wawili walisema kifungu kiliandikwa simu haijakuwepo, na kwamba simu ifuate kanuni ya uso kwa uso, hivyo mkataba ulifanyika Ahmedabad, pale ukubali uliposikika. Jaji Hidayatullah alipinga: maneno ya kifungu ni wazi, ukubali ulitoka mikononi mwa msemaji pale alipotamka, basi mkataba ni wa Khamgaon. Hoja yake ni safi kwa kusoma maandishi, lakini uamuzi wa wengi ndio unaofaa maisha. Mtu asibanwe na neno lililomezwa na mtandao mbovu wakati aliyelisema yuko kwenye simu na anaweza kuuliza, "Umenisikia?"

Mahali nako kuna maana yake. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, kifungu cha 18, inaruhusu shauri kufunguliwa anapoishi au anapofanyia kazi mdaiwa, au pale chanzo cha madai kilipotokea, kizima au kwa sehemu. Mkataba ukiwa umezaliwa Mwanza, aliyeko Mtwara anaweza kujikuta anasafiri kwenda kujitetea.

Kwa ujumbe wa simu na barua pepe, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali kwamba mkataba unaweza kufanyika kwa njia ya kielektroniki, na inahesabu ujumbe kuwa umetumwa pale unapoingia kwenye mfumo wa kompyuta ulio nje ya udhibiti wa mtumaji. Sikiliza jinsi hilo linavyofanana na "nje ya uwezo wa aliyekubali." Kwenye WhatsApp ukiona alama ya saa, ujumbe bado uko kwenye simu yako na hujakubali chochote. Tiki moja: umetoka. Tiki mbili za kijivu: umefika kwenye simu yake. Tiki mbili za buluu: ameufungua, ingawa mtu anaweza kuzima alama hiyo, hivyo kijivu si ushahidi kwamba hajasoma. Barua pepe iliyokwama kwenye kikasha cha zinazosubiri kutumwa haijatoka. Iliyorudishwa na ujumbe wa kushindikana kwa sababu ulikosea herufi ya anwani haikuwahi kumwendea yeye.

Kuna wanaouliza kuhusu kitufe cha kufuta kwa wote. Kwa kuwa naweza kuufuta, je, ujumbe bado uko chini ya uwezo wangu? Naona hapana. Kufuta ni kujaribu kuondoa ukubali ambao tayari umetoka, na kutafanikiwa tu kama mwenzako hakuwahi kuusoma, hata kwenye arifa ya juu ya skrini. Ukitaka kujitoa, sema kwa maneno kwamba unajitoa. Ujumbe uliofutwa huacha alama inayosomeka vibaya mbele ya hakimu.

Ukubali mwingine huja kwa vitendo. Kifungu cha 8 kinasema kutimiza sharti la ofa, au kupokea malipo yaliyotolewa pamoja na ofa, ni kuikubali. Mnunuzi akikutumia oda pamoja na malipo ya awali kwa M-Pesa na ukayapokea bila neno, usije ukasema hukujibu. Hutaki? Rudisha pesa mara moja, ukieleza sababu kwa maandishi. Kunyamaza kutupu, bila kupokea kitu, si ukubali. Felthouse v Bindley (1862) ilihusu farasi, na mnunuzi aliyeandika kwamba asipojibiwa atamhesabu farasi kuwa ni wake. Alishindwa. "Nisiposikia toka kwako hadi Ijumaa nitajua umekubali" haimbani mtu.

Kuhusu ukamilifu wa jibu, hapa ndipo lugha yetu ya adabu inapotuponza. "Nakubali, ila nipunguzie kidogo" si ukubali, ni ofa mpya, na ofa ya kwanza imekufa. Katika Hyde v Wrench (1840) shamba lilitolewa kwa pauni 1,000, mnunuzi akataja 950, akakataliwa, kisha akarudi kwenye 1,000. Hakukuwa tena na cha kukubali. Kuuliza ni jambo jingine. Stevenson v McLean (1880) ilihusu chuma, na mnunuzi aliuliza kama muuzaji angeruhusu mzigo uchukuliwe kwa muda wa miezi miwili. Mahakama ilisema hilo ni swali, ofa ingali hai. Basi kama unataka kupapasa bei bila kuiua ofa, andika kwa swali na useme wazi: "Ofa yako bado naitafakari. Je, malipo ya awamu mbili yanawezekana?"

Mtu akiahidi kuiacha ofa wazi kwa siku 10, ahadi hiyo peke yake haimzuii kuiondoa siku ya tatu. Kifungu cha 5 kinamruhusu, na kifungu cha 25 hakitambui makubaliano yasiyo na malipo ya kubadilishana, isipokuwa kwa yale machache kilichoyataja. Unataka siku 10 za uhakika? Lipa ada ya kushikilia ofa, hata iwe ndogo, na upate risiti inayosema ni ya nini. Na ofa isiyotaja muda hufa yenyewe baada ya muda unaofaa: kwa nyanya ni saa chache, kwa kiwanja ni wiki. Kwa kiwanja, hata hivyo, kumbuka Sheria ya Ardhi, kifungu cha 64, inataka mkataba wa kuhamisha haki ya kumiliki uwe kwa maandishi na uwe na saini ya anayedaiwa. "Nakubali" ya kwenye simu haitoshi.

Mtoa ofa anaweza kuliziba pengo lote kwa aya moja. Holwell Securities v Hughes (1974) ndiyo inayoonyesha nguvu yake: haki ya kununua ilitakiwa itumike kwa taarifa ya maandishi kwa muuzaji ndani ya miezi sita, barua ikapostiwa ikapotea, na mahakama ikasema kanuni ya posta haikuhusika kwa kuwa maneno ya ofa yenyewe yalitaka taarifa imfikie. Andika hivi:

"Ofa hii iko wazi hadi Ijumaa, tarehe ___, saa 10:00 jioni (16:00). Itahesabika kuwa imekubaliwa pale tu ukubali wa maandishi uliosainiwa utakapopokelewa ofisini kwetu, ___, au kwenye barua pepe ___, kabla ya muda huo. Ukubali uliotumwa bila kupokelewa hautatubana. Ukubali ukishapokelewa, hauwezi kuondolewa na upande wowote."

Usiiache ile namba ya mabano. Saa 10 ya Kiswahili na saa 10 ya mpango wa treni ni vitu viwili, na mgogoro wa saa sita nzima unaweza kuzaliwa hapo.

Anayekubali naye ajilinde: atume kwa njia mbili, moja ya haraka na moja yenye risiti. Mnaofanya biashara Tanga na Mombasa, angalieni pia mkataba unaongozwa na sheria ya nchi gani. Kenya, kupitia Sura ya 23 ya sheria zake, inatumia kanuni za Kiingereza, na hizo hazina nyakati mbili kama za kifungu chetu. Barua ikipostiwa mkataba umekamilika kwa wote wawili, kwa hiyo simu ya "naiondoa" iliyokuokoa Tanga huenda isikuokoe Mombasa. Uganda na Burundi ziko kwenye Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mauziano ya bidhaa ya kimataifa, ambao hauhesabu ukubali mpaka umfikie mtoa ofa, ila humzuia kuiondoa ofa mara tu mwenzake anapotuma jibu.

Kwenye faili la kila ofa weka ofa yenyewe na bahasha yake, stakabadhi ya posta yenye muhuri unaosomeka, picha ya skrini inayoonyesha tarehe, saa na namba ya mtumaji, na kumbukumbu ya simu iliyoandikwa dakika ile ile: nani alipiga, saa ngapi, alisema nini. Stakabadhi zinazochapwa kwa joto bila wino hufifia, kwa hiyo zitoe nakala wiki hiyo hiyo.